Mshale Unaoanzia Mugunga

...na hili nalo ni jiwe, jiwe lenye rangi ya harage, hata mawe ya Goma yamejifunza kujifanya chakula, Mukantwari analitupa nyuma ya bega bila kuangalia linakoangukia na vidole vyake vinaendelea peke yao juu ya ungo, harage, harage, jiwe, harage lililotobolewa, harage, vidole havimhitaji tena, vingeweza kuchambua mpaka Jumatano hata kama mwenye vidole angekuwa ameshazikwa, na pale mlangoni mwanawe Jean de Dieu bado amesimama, mrefu kama mlingoti wa bendera, mguu mmoja juu ya kizingiti na karatasi juu ya goti, kivuli chake kimemwagika kwenye ungo na kuyafanya mawe na maharage yawe kitu kimoja, angesogea kidogo basi, lakini hasogei, anauliza kwa mara ya tatu tangu watoke misa, kwa sauti ile ile ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka, "Mama, niandike batu batatu?"... watu watatu, yaani yeye mwenyewe, na mama yake, na Bénie, mtoto wa dada yake Uwimbabazi, na karatasi ni ya wale wanaorudi Kitchanga, kamiyo, lori lao, inaondoka Alhamisi, chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, anakusanya majina leo kabla giza halijaingia na jina lisiloandikwa leo halipandi, ameshaeleza mara mbili na sasa anaeleza ya tatu, kwamba shamba lisiloonwa na mwenyewe msimu huu litakuwa la jirani, kwamba barabara wanasema imetulia, kwamba mtu hawezi kuzeekea kwenye nyumba ya mbao ya kupanga hapa Katindo, ukuta kwa ukuta na kikohozi cha mtu usiyemjua jina, kwamba... na Mukantwari anajua tayari atajibu nini, atasema andika, mdomo wake umezoea, mtu akisema tuondoke mdomo unasema haya, mtu akisema turudi mdomo unasema haya, ni kama mlango wa shitingi, turubai la kibanda cha kambi, hauulizi upepo umetoka upande gani, acha tu amalize mkono huu wa maharage ndipo aseme, neno lenyewe halina uzito, halimuumi popote, hakuna kinachomuuma popote siku hizi, hilo ndilo jambo... "Nyogokuru, lakini hauangalie," Bénie anamwambia bibi yake, maana Bénie amekaa kwenye mkeka ubavuni pake na anaisogeza simu yenye kioo kilichopasuka karibu kuiingiza kwenye maharage, ndani ya simu kuna karatasi ya vyumba vyumba kama daftari la hesabu, na pembeni kisanduku kilichojaa mishale ya rangi, unaweka kidole, unachomoa mshale, unauvuta unakotaka, unaurefusha, unaugeuza, ni kitu cha mwalimu Olivier wa fizikia, amewapitishia wanafunzi kutoka simu hadi simu kwa sababu hakidai mtandao, Olivier yule anayefuta viatu kwa karatasi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, kana kwamba vumbi la vulkani litaogopa diploma, ndiye aliyewaambia watafute nyumbani mtu ambaye hajasoma, wamweleze vekta, akielewa yeye ndipo wajue kwamba na wao wameelewa, na mtoto akatoka shuleni jana akaja moja kwa moja kwa bibi yake, bila kupinda kona, asante sana, "Avenyu yote hii umekosa mujinga mwingine?" alimuuliza, na Bénie akacheka, "Wengine bote beko na kazi, nyogokuru."

Haya, kusoma Mukantwari alisoma mpaka mwaka wa pili, kwa masista, akatolewa kwa sababu mdogo wake alihitaji mgongo wa kubebwa na mgongo wenyewe ulikuwa huu, herufi za jina lake anazijua, nambari anazijua zile zinazoandikwa kwenye magunia, na sasa mtoto anamweleza, polepole, kwa sauti ya mwalimu Olivier aliyoiazima bila kujua, kwamba kuna vitu ambavyo nambari peke yake inavitosha, kama kilo za maharage, kilo tano ni kilo tano hata ukizigeuza, lakini kuna vitu vingine vinadai urefu na vinadai pia fasi, mahali vinakoelekea, "Kilometa kumi njo nambari tu, nyogokuru, lakini kilometa kumi kwenda Sake, ile njo vekta"... na hilo nalo linahitaji simu, anawaza Mukantwari, nani asiyelijua hilo, kilometa kumi ukielekea Sake na bunduki ziko mgongoni, na kilometa kumi ukielekea Sake na bunduki ziko mbele, goti lake la kushoto linaijua tofauti bila kwenda shule, harage, harage, jiwe, "Gusa basi, uvute weye mwenyewe," anasema Bénie, na Mukantwari ananyoosha kidole cha shahada, anakiweka juu ya mshale mwekundu, mshale unakaa kimya, anakibonyeza, kimya, anakisugua kwenye kitenge na kukirudisha, mshale umelala pale kama mlevi, wakati kidole cha mtoto kikipita tu karibu unaruka, "Haikisikie kidole yako," anasema Bénie, "kimekauka sana"... haya, hata simu imeliona, jambo ambalo padiri hajaliona na Jean de Dieu hajaliona, kwamba kidole hiki kimekauka, kinashika sufuria la moto na habari inafika kichwani ikiwa imechelewa, kama barua, na ulimi nao vilevile, tangu msimu ule wa mavuno hajui chumvi, Bénie ndiye anayeonja sombe, kisamvu cha jioni, na kusema imekolea au haijakolea, yeye anatafuna tu, na alipokwenda kwa muuguzi wa kambi yule kijana alimulika tochi kinywani akasema mama, ulimi wako mzima kabisa, ulimi mzima, kidole kizima, mtu mzima, kitu gani basi ambacho si kizima, aliulizwa hilo nani, alilijibu nani... na Bénie anaeleza bado, kumbe ana shida ya kweli huyu mtoto, kwenye karatasi ya mtihani mdogo wa juzi amepata nne juu ya ishirini na kesho ataitwa ubaoni mbele ya wote, nne, hata mtu akilala usingizi mezani anapata nne kwa bahati, "Nionyeshe ulivyofanya," anasema Mukantwari, si kwa sababu anataka kujua, ila kwa sababu akiangalia simu hatakuwa anaangalia karatasi ya mlangoni, na Bénie anachomoa mishale mitatu, mmoja wa chini, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto kidogo, na mikia yake yote anaiweka mahali pamoja, ikawa kama unyayo wa kuku kwenye majivu, halafu anagusa kijumba kidogo pale juu, kinapata alama ya tiki, na mshale mweusi unatokea, "Huyu njo jumla yao, résultante, simu inamuhesabu yenyewe," lakini ule mweusi umesimama pembeni, haushiki mshale wowote kati ya ile mitatu, kama mgeni kwenye kilio cha watu asiowajua, na Bénie anasema hapo ndipo anapopotea, anaona jibu lakini haoni limetoka wapi, na ubaoni hakutakuwa na simu... Mukantwari ameshika harage moja katikati ya vidole viwili, harage jekundu lenye doa jeupe, hakulitia kwenye bakuli wala hakulirudisha, analishika tu, na anaangalia ule unyayo wa kuku, na kitu kinamkera, kinamkera kama kilemba kilichofungwa vibaya kwenye kichwa cha mtu mwingine.

"Huyu mutu wako," anasema, "amekimbia mara ngapi?"... mtu gani, anauliza Bénie, hakuna mtu, ni mishale tu, basi Mukantwari anamwambia kwamba mshale usio na mtu ni kijiti, aweke mtu, mtu amekimbia mara tatu, sawa, mara ya kwanza ameondoka nyumbani akafika hapa, kwenye ncha hii, sasa mara ya pili wamemfukuza tena, "Nani alikuambia kama akifukuzwa mara ya pili anarudia kwanza kwake, anapiga hodi, ndipo anaanza kukimbia? Anaanza fasi alipolala. Shika huu, uweke mukia yake kwenye kichwa ya ule"... na kidole cha Bénie kinavuta wa pili, mkia wake unakwenda kwenye ncha ya wa kwanza, kinavuta wa tatu, mkia kwenye ncha ya wa pili, sasa si kuku tena, ni njia, njia yenye kona, halafu anauburuta ule mweusi polepole, anauweka pale mwanzo kabisa, na ule mweusi unanyooka kutoka mlango wa kutokea hadi mahali mtu alipofikia, unashika huku na unashika kule, haukosi hata unywele, na mtoto anapiga paja lake kwa kiganja, "Nyogokuru, ungesoma ungekuwa ingénieur," "Ningekuwa ingénieur ningetengeneza hili paa livujalo," anasema yeye, "nisingecheza na vijiti," na mlangoni hata Jean de Dieu amecheka kwa pua, kivuli chake kikatikisika juu ya ungo, cheko la baba yake lile, Harelimana alicheka hivyo hivyo, kwa pua, akiogopa meno yatamtoroka... tuweke ya kweli, anasema Bénie sasa amewaka, tuweke ya kwako, nyogokuru, niambie ulianzia wapi, na anafuta yote, karatasi ya vyumba ikawa tupu, tupu kabisa, na Mukantwari anajisikia akisema Kitchanga kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake ofisini.

Kitchanga, mtoto anaweka alama juu huko, upande wa kushoto, halafu mshale wa kwanza, mrefu, unashuka mpaka Mugunga, na Mukantwari anaona unavyoshuka kwa kidole kimoja, sss, sekunde moja, ile njia ya siku nne, Harelimana na godoro kichwani, Jean de Dieu na mbuzi waliyemuacha Sake kwa sababu alikaa chini akakataa, mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa na akili siku ile, na Uwimbabazi na tumbo la miezi tisa akitembea huku ameshika kiuno kwa mikono miwili kama anayebeba mtungi kwa mbele, na hawakumaliza wiki pale Mugunga, juu ya yale mawe meusi, chini ya shitingi, mtoto akatoka, huyu anayevuta mishale, akatoka akilia kwa hasira kana kwamba amekuta mahali pamekwisha kukaliwa... na wa pili, anauliza Bénie, wa pili mfupi, kambi ilipomwagwa wakaenda Kituku, wakalala nyuma ya soko la samaki, mwaka mzima, halafu miaka, nguo zikanuka dagaa wa sambaza mpaka kanisani watu wakawa wanawaachia benchi, mshale wa pili kwenda kulia, mkia kwenye ncha ya wa kwanza, na wa tatu, mwaka wa vulkani, redio iliposema mji utoke, wakarudi kushoto mpaka Sake na mji mzima, tajiri na maskini kwenye vumbi moja, na wa nne, kutoka Sake wakasema sasa tumefika nusu ya njia, kwa nini tusipande, wakapanda, mpaka Kitchanga, mshale wa nne unapanda, unapanda, ncha yake inagusa alama ya kwanza, na ule mweusi, ule wa jumla, uliokuwa ukinyooka na kujikunja kila mshale ulipoongezwa, unatoweka, unazimika kama kibatari, "Umeona?" anasema Bénie, "hapa résultante ni zero, umerudia fasi ulianzia, ni kama haukutoka"... ni kama haukutoka, na mlangoni Jean de Dieu amelidaka, maana alikuwa akisikiliza muda wote huyu, "Njo maneno ninasema, mama, sikia mutoto, kurudia kunafuta yote," kunafuta yote, anasema, mtu wa miaka arobaini na miwili na mvi mbili kidevuni anataka kufutwa kama ubao, na Mukantwari anakumbuka ile zero, alikaa ndani yake karibu miaka miwili, zero ilikuwa nyumba bila paa, miti ya kupandia maharage imeng'olewa na kufanywa kuni na watu ambao yeye hakuwalaumu, angefanya vilevile, na mwanamke mwingine akilima kwenye shamba lake akamsalimia kwa heshima, karibu mama, kana kwamba Mukantwari ndiye mgeni, na Harelimana aliingia ndani, akageuza ndoo, akaketi katikati ya nyumba, akaangalia juu mahali paa lilipokuwa, siku baada ya siku, mpaka siku moja wakamkuta ameegemea ukuta na bado anaangalia juu, zero, hiyo ndiyo ilikuwa zero yao, alirudi mahali pale pale na hakuna mguu wake uliopatambua, na kwenye simu ile mishale minne bado iko, hilo ndilo analoliona sasa, mweusi umezimika lakini minne iko palepale na rangi zake, hakuna aliyeifuta.

Endelea, anasema, na Bénie anaendelea, wa tano, kutoka Kitchanga tena mpaka Mugunga, wa pili wa namna ile, mshale ule ule wa kwanza kana kwamba mtu aliukunja akauweka mfukoni akautumia tena, kambi ile ile, mawe yale yale, safari hii bila Harelimana, na Bénie alikuwa msichana mkubwa mwenye maoni... na hapo kidole cha mtoto kinasimama, kinabaki juu ya kisanduku cha mishale bila kushuka, na Mukantwari anajua kwa nini, na Jean de Dieu anajua, kwa maana hapo, baada ya wa tano, upo mshale mmoja ambao si wao wote, ni wa mtu mmoja, Uwimbabazi, msimu wa maharage, chakula cha kambi kimechelewa mwezi wa pili, na wanawake wanafanya kama walivyofanya siku zote, wanatoka kambini wanne wanne, wanapita nyuma ya mistari ya askari, wanapanda mpaka kwenye mashamba yao wenyewe kama wezi, wanavuna kwa haraka, wanarudi na magunia, ndivyo watu wanavyokula wakiwa wakimbizi wa siku mbili za miguu isiyo na mzigo kutoka kwenye maharage yao, na asubuhi ile Uwimbabazi alikaa kwenye mlango wa kibanda akafunga na kufungua kamba yake ya kubebea, akasema mama, moyo wangu haupendi, ni hayo tu aliyosema, si zaidi, na Mukantwari alikuwa na goti lake na njaa yake na ulimi wake ambao wakati ule ulikuwa bado unajua chumvi, akamwambia, "Enda. Maharage hayajivune yenyewe"... enda, neno moja, jepesi, na akaenda, wanne wakapanda, watatu wakarudi na magunia, wakasema kamba ya mzigo wake ilikatika kwenye mteremko, alibaki nyuma kidogo kuifunga, walimsikia akisema tangulieni ninakuja, na baada ya hapo hawakusikia kitu, si risasi, si kilio, hakuna, na Mukantwari alipika maharage ambayo wale watatu walimletea kwa huruma, akayatia chumvi, akaweka kijiko kinywani, na ikawa hakuna kitu kinywani, maji ya moto tu... "Ya mama tunaiacha," anasema Bénie taratibu, kwa sauti yake mwenyewe sasa, si ya Olivier, na anaruka, anaweka wa sita, kutoka Mugunga kuja huku Katindo kambi ilipovunjwa, mfupi, kama ukucha, hajui huyu mtoto nani alisema enda, wanajua wote kwamba mama alikwenda kuvuna, hakuna aliyewahi kuuliza nani alimtuma, watu huwa hawaulizi hilo, njaa ndiyo hutuma, wanasema, njaa, shukrani kwa njaa inayobebeshwa kila kitu na haijibu.

"Na ya siku ya ine," anasema Jean de Dieu kutoka mlangoni, maana Alhamisi kwake ni kitu kilichokwisha kutokea, "ongeza ya siku ya ine, uonyeshe nyogokuru," na Bénie anachomoa wa saba, mkia kwenye Katindo, ncha juu Kitchanga, mrefu, wa rangi ya machungwa, na mweusi ule uliokuwa umerudi unazimika mara ya pili, zero, na Jean de Dieu anagonga kalamu kwenye karatasi, tak, tak, batatu, jua limeshuka mpaka kwenye mbao za jirani, chefu wa avenyu si mtu wa kungoja, na mdomo wa Mukantwari unajiandaa, anausikia ukijiandaa, ile haya ya kukubali iko nyuma ya meno tayari, ya kawaida, nyepesi, lakini kitu kile kinachokera hakijaondoka, kilemba bado kimekaa vibaya, ni nini, wameweka mkia kwenye kichwa, wameweka yote, kitu gani, anaangalia mshale wa kwanza, ule mrefu unaoshuka, Harelimana na godoro, mbuzi, Uwimbabazi ameshika kiuno... Uwimbabazi ameshika kiuno, na ndani ya kiuno... "Hii yote ni yangu," anasema Mukantwari. "Na weye? Ya kwako inaanzia wapi?"... na Bénie anafungua mdomo aseme Kitchanga, kwa sababu ndivyo wanavyoandika kwenye karatasi zote, shuleni, parokiani, mtu wa Kitchanga, halafu anafunga mdomo, anafikiri, ndiyo kazi aliyofundishwa, "Mimi Mugunga," anasema, "ule wa kwanza sikuutembea, nilikuwa ndani ya mama," na kwa kidole kile kinachosikiwa anaushika mshale wa kwanza, anauburuta mpaka kwenye kisanduku, unaingia na kupotea, huo mmoja tu, mingine sita inabaki kama ilivyo, Kituku, Sake, Kitchanga, Mugunga, Katindo, Alhamisi, na mahali ambapo palikuwa zero mweusi unachomoza, mrefu, Bénie anauburuta mkia wake mpaka Mugunga, na kutoka pale unapanda, unapita juu ya Sake, unakwenda mpaka Kitchanga na kusimama pale, na Bénie anasema kwa mshangao wa mwanafunzi tu, hajaona lingine, "Ah, ya kwangu haifanye zero, kumbe kwangu kule siyo kurudia, ni kuenda," na Jean de Dieu anasema mutoto, hiyo ni mambo ya masomo tu, kwenu ni kwenu, na maneno yake yanapita kama maneno ya watu wanaopita nje...

...kwa sababu Mukantwari anaujua mshale ule, anaujua kama anavyojua kovu la mkono wake, kutoka Mugunga, juu, juu ya Sake, mpaka Kitchanga, hakuna kona, urefu ule ule, kuelekea kule kule, ni ule ambao waliuruka, ule ambao mtoto aliuacha kwa adabu, simu imeuchora bila kuambiwa, maisha yote ya Bénie yakijumlishwa na Alhamisi yanatoa kitu kimoja na kitu hicho ni safari ya mwisho ya mama yake, mkia pale pale, ncha pale pale, na mwenye kusema enda ni yule yule, amekaa pale pale na maharage mbele yake, atasema andika lakini andika ni nini kama si enda iliyovaa viatu... na harage jekundu lenye doa bado liko kati ya vidole vyake, analisikia, ajabu, analisikia kuwa ni gumu na lina ubavu mmoja wenye mkunjo, tangu lini linamkata hivi, na kifua hakijafanya lolote, hakuna chozi, asidanganywe mtu, ni ubavu wa harage tu unaosikika kwenye ncha ya kidole, basi, kidogo hivyo, Bénie anazungumza juu ya kesho, kwamba ubaoni ataweka mtu kwanza, atamwambia mwalimu mshale bila mtu ni kijiti, na Jean de Dieu anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule na kivuli chake hakijatoka kwenye ungo, na Mukantwari anaweka harage chini, analeta kidole cha shahada mdomoni, anakilamba, kama anavyolamba uzi kabla ya kuutia kwenye tundu la sindano, na kwenye ulimi kuna vumbi la maharage, na nyuma ya vumbi, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo, kuna chumvi, jasho tu hilo, chumvi ya jasho la mkono, anaingoja, inakaa, na anakishusha kidole kilicholowa juu ya kioo kilichopasuka, juu ya mshale wa saba, ule wa machungwa, na mshale unatetemeka, unamsikia, "Ona, nyogokuru, imekusikia," na anauvuta, kwa taabu, unamponyoka, anaushika tena, anauvuta mpaka kwenye kisanduku, unaingia, na ule mweusi mrefu unarudi ukijikunja, unarudi, mpaka unakuwa kijiti cha ukucha mmoja, kutoka Mugunga kuja Katindo, huo tu, mtoto yuko ukucha mmoja kutoka alipozaliwa na kesho anaitwa ubaoni... "Mama," anasema Jean de Dieu, kalamu juu ya karatasi, mguu juu ya kizingiti, jua kwenye mbao zile zile, "niandike batatu?" na kidole cha Mukantwari hakijatoka kwenye kioo, kinapoa, na ile haya aliyoiweka nyuma ya meno anaitafuta pale ilipokuwa na haipo, liko neno lingine, atalisema sasa hivi, akishameza mate haya yenye chumvi, atamwambia Jean de Dieu aandike jina lake kama moyo wake unapenda, moja, la kwake, mtu mzima anajituma mwenyewe, lakini kutoka kwenye mdomo huu hatumwi tena mtu yeyote...